Buti ya Mbele na Bunadi ya Jorunn

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha barazani kwa mchungaji nikiwa na soksi moja, namwomba radhi kwa sababu mashine yangu ya kukata nyasi, ile inayojiendesha yenyewe, ilikuwa imevuka ua na kufyeka tulipu zake zote arobaini. Mchungaji alinisamehe. Ndiyo kazi yake.

Kwa wageni: jina langu Oddleiv, nafanya kazi ofisi ya maji hapa mjini Førde, na kila ninachokinunua kinipunguzie kazi huniongezea aibu. Mke wangu Jorunn alifariki miaka mitatu iliyopita. Ninaishi na binti yake, Sunniva, mwenye miaka kumi na mitano. Nilimwoa mama yake wakati Sunniva ana miaka minne, na tangu siku ile ananiita Oddleiv, basi. Sijawahi kulalamika. Baba yake mzazi yuko Australia, naye haitwi chochote.

Wiki hii nakiri dhambi iliyo kubwa kuliko tulipu. Nakiri habari ya buti ya mbele.

Gari la umeme halina injini pale mbele. Chini ya boneti kuna nafasi tupu, nayo ni buti ya pili. Jirani yangu Asmund ana kigari kidogo, cha zamani, rangi ya haradali, na buti yake ya mbele ni ya mkono. Anavuta mpini chini ya usukani, anaingiza kidole chini ya boneti, anasukuma kikabari cha kufuli, ananyanyua, anaegemeza na fimbo.

Mimi mwezi wa tatu nilinunua gari ambalo buti yake ya mbele ina mota. Unagusa simu. Boneti inanyanyuka yenyewe, taratibu, kama mwanakwaya anayejua watu wanamtazama. Unagusa tena, inashuka, inajifunga.

Nilimcheka Asmund. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Kila nikimwona anavuta mpini wake nilimpigia kelele kutoka uani kwangu:

"Jirani! Bado unakamua ng'ombe?"

Asmund alikuwa fundi wa injini kwenye vivuko miaka thelathini na minane. Alikuwa ananitazama tu, anajifuta mikono.

"Kitu kikishakuwa na mota, Oddleiv, kina siku yake ya kugoma."

"Wivu huo, mzee."

"Haya. Tuko hapa hapa."

Sasa, Jumamosi ilikuwa kipaimara cha Sunniva. Kanisani saa tano kamili. Na Sunniva alikuwa na ombi moja tu kwa mwaka mzima. Hakutaka simu mpya wala safari. Alitaka kuvaa bunadi ya mama yake, vazi letu la asili la sherehe.

Bunadi ile Jorunn aliishona mwenyewe, majira manne ya baridi, kabla hatujajuana. Sketi nyeusi ya sufu, kizibao kilichotariziwa maua mekundu, na bega la kushoto ua moja la bluu, kwa sababu nyuzi nyekundu zilimwishia theluji ikiwa imefunga barabara, naye hakuwa mtu wa kungoja. Ua lile la bluu nililiona kabla sijamwona uso. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza.

"Nitailinda kama mboni ya jicho," nilimwambia Sunniva.

"Oddleiv, wewe uliwahi kupoteza jicho la bandia la mbwa."

"Hiyo ilikuwa mara moja."

Ijumaa jioni niliifuata bunadi kwa fundi cherehani kule Naustdal, aliyekuwa ameipanua kiunoni. Aliikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko mkubwa wa bluu, ile mifuko ambayo kila nyumba ya nchi hii inayo kumi na hakuna anayejua imetoka wapi. Buti yangu ya nyuma ilikuwa imejaa vitu nilivyovitoa darini kwa ajili ya soko la mitumba la bendi ya shule, navyo vilikuwa kwenye mifuko hiyo hiyo ya bluu. Vumbi tupu. Nikasema bunadi haiwezi kulala na takataka. Nikaiweka peke yake mbele.

Mpaka hapo, msomaji, nilikuwa mtu mwenye akili.

Nilipofika nyumbani nikagusa simu ili niutoe mfuko. Boneti ikanyanyuka. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mbwa akasimama.

"Kumbe inajifungua yenyewe?"

Angepita tu mtu yule, leo ningekuwa sina cha kuwaandikia.

Nikafunga, nikafungua. Akaja mwingine. Nikafungua, nikafunga. Mke na mume wa nyumba ya kona wakatoka na vikombe vyao vya kahawa. Wakauliza inabeba kiasi gani. Nikatoa mfuko wa bunadi nikauweka chini, nikatoa na mifuko ya mitumba kule nyuma, nikaanza kuwapangia mbele: mmoja, miwili, mitatu kwa kubana. Nikaitoa yote, nikapanga upya. Hata akina mama wa bendi walipokuja na trela kukusanya vitu vya mitumba, niliwapungia mkono bila kuwageukia.

"Chukueni, chukueni tu hiyo iliyo chini! Mnawakinga watu wasione!"

Nilifungua na kufunga mara thelathini na moja. Najua idadi kwa sababu Sunniva alikuwa dirishani anahesabu, na baadaye alinisomea. Asmund peke yake hakuja kutazama. Alikuwa uani kwake anapaka rangi kiti.

Mara ya mwisho niliurudisha mfuko wa bluu ndani, nikafunga boneti kwa kidole kimoja, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Bunadi ilale humu mpaka asubuhi. Hakuna sanduku salama kama hili."

Jumamosi saa mbili asubuhi nikagusa simu.

Simu ikaniambia gari limelala.

Nikagusa tena. Limelala. Nikaenda nikafungua mlango kwa ufunguo wa chuma, nikakaa ndani, nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Skrini nyeusi. Nikatoka nikaipapasa boneti kama daktari wa mifugo. Hakuna mpini, hakuna tundu, hakuna pa kuingiza hata ukucha.

Sunniva alikuwa mlangoni, nywele zimeshasukwa, bado na suruali ya kulalia.

"Kuna shida?"

"Hakuna. Linaamka polepole."

Nikaenda nyuma ya banda nikapiga simu ya msaada. Akapokea dada mmoja mwenye sauti tulivu.

"Tatizo lako nini?"

"Buti ya mbele haifunguki."

"Chaji ikoje?"

"Jana ilikuwa asilimia tisini na tatu!"

"Hiyo ni betri kubwa, inazungusha magurudumu. Buti na skrini vinategemea betri ndogo. Betri yako ndogo imekufa."

"Basi naibadilishaje?"

"Rahisi tu. Iko ndani ya buti ya mbele."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nadhani haikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza pale.

"Dada yangu, buti ya mbele naifunguaje?"

"Kwa betri ndogo."

Nikakaa juu ya ndoo.

"Halafu naona hapa," aliendelea, bila ubaya wowote, "gari limekupa onyo mara kumi na tisa kwamba betri ndogo imechoka. Kila mara umejibu: nikumbushe baadaye."

Mimi kazi yangu, msomaji, ni kuwaandikia watu barua za onyo kuhusu mabomba yao. Nawaandikia mara tatu, kisha nashangaa jinsi binadamu walivyo wazembe.

"Ipo njia ya dharura," alisema dada. "Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha duara. Nyuma yake kuna waya mbili. Ukiziunga na betri ya gari jingine, kufuli linaachia."

"Mungu akubariki. Kifuniko nakitoa na nini?"

"Kuna bisibisi bapa kwenye mkoba wa vifaa vya gari."

"Na mkoba uko..."

"Pole sana," akasema.

Nilipotoka nyuma ya banda, basi la kutoka Florø lilikuwa limesimama njia panda na mama mkwe wangu anashuka. Bergljot, miaka sabini na tisa, amevaa bunadi yake kamili, keki ya kipaimara mkono mmoja na mkoba mweusi mkono wa pili. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na bizimu ya fedha ya Jorunn, ya kufungia ukosi. Alikuwa ameing'arisha mwenyewe wiki nzima. Bunadi bila bizimu kifuani haijakamilika, hilo haliulizwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mtoto yuko na nguo za kulalia?"

"Tunajiandaa."

"Bunadi iko wapi?"

"Iko salama kabisa."

"Salama wapi?"

"Ndani ya gari."

"Itoe basi."

"Mama, iko salama kiasi kwamba hata mimi siwezi kuifikia."

Akaweka keki chini. Akanitazama mimi, akalitazama gari, akanitazama tena, kama anayetafuta ni kipi kati yetu chenye ubovu.

"Umeifungia nguo ya mwanangu ndani ya gari lisilofunguka?"

"Linafunguka. Jana lilifunguka mara thelathini na moja."

"Na moja iliyobaki ndiyo tunayoihitaji," akasema Sunniva. Hakucheka. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli.

Nikaeleza habari ya kifuniko na bisibisi. Nikajaribu kwa kijiko, kikapinda. Nikajaribu kwa kadi ya benki, ikakatika. Bergljot akaingia jikoni kwangu, akarudi na kisu cha kuparia jibini, kile bapa chenye mwanya katikati.

"Sogea."

"Mama, utakwaruza rangi..."

"Chema chajiuza, Oddleiv, kibaya chajitembeza. Umelitembeza jana mtaa mzima, leo unaogopa mkwaruzo? Sogea!"

Akachokonoa mara moja, kifuniko kikaruka mpaka kwenye nyasi. Waya mbili zikaning'inia, nyekundu na nyeusi. Sasa ilikosekana betri ya gari jingine tu.

Na gari jingine lililokuwa karibu lilikuwa moja, la rangi ya haradali.

Niliuvuka ule ua nikijiona nakwenda kwa miguu mpaka Oslo. Asmund alikuwa ameshavaa suti, anakunywa kahawa kwenye kiti chake kilichopakwa rangi jana.

"Jirani, habari za asubuhi."

"Nzuri. Leo hufungui sinema?"

"Asmund, naomba betri yako."

"Ipo. Iko kwenye buti ya mbele. Lakini sijui kama utavumilia kuniona nakamua."

"Bwana, kipaimara cha mtoto!"

"Ndiyo maana nakuja. Lakini kuna neno nataka uliseme kwanza. Hapo hapo ulipokuwa umesimama jana."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Watu wa nyumba ya kona walikuwa wametoka tena na vikombe vyao. Nadhani walikuwa hawajaingia tangu Ijumaa. Nikasimama katikati ya ua wangu, Bergljot upande mmoja na kisu cha jibini, Sunniva upande mwingine, nikasema:

"Buti ya mkono ni bora."

"Sikusikia vizuri. Masikio haya ya injini."

"BUTI YA MKONO NI BORA!"

"Sawa," akasema Asmund, akaweka kikombe.

Akaleta kigari chake pua kwa pua na langu. Akavuta mpini. Akaingiza kidole. Akanyanyua, akaegemeza fimbo. Yote kabla sijawahi hata kukohoa. Akaunga waya zake za kubusti kwenye betri yake, akanipa ncha mbili.

"Nyekundu kwa nyekundu. Unajua rangi?"

Nikaunga. Kukasikika sauti ndogo, ka!, na boneti yangu ikapanda kidogo, upana wa vidole viwili. Watu wa nyumba ya kona wakapiga makofi. Bergljot akafumba macho akashukuru kimoyomoyo. Sunniva akaruka, akanikumbatia shingoni, mara ya kwanza tangu mazishi, na mimi nikasema moyoni: yamekwisha, Oddleiv, safari hii umepona.

Ilikuwa saa nne kasorobo. Muda tele.

Sunniva mwenyewe aliunyanyua mfuko wa bluu, akaufungua juu ya kiti cha bustani.

Ndani kulikuwa na mapazia.

Mapazia ya kahawia, ya maua makubwa ya rangi ya machungwa, ya kitambaa kizito kinachonuka dari. Chini ya mapazia kulikuwa na chuma cha kuokea keki za waffo, kimevunjika mguu. Basi.

Bergljot akashika ncha ya pazia, akaipapasa kati ya vidole.

"Haya nilikupeni mimi. Siku ya harusi yenu."

"Ndiyo, mama."

"Niliyashona mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na yalikuwa yanakwenda wapi?"

Saa mbili zilizopita nilikuwa naomba boneti ile ifunguke. Sasa niliomba ijifunge, na mimi nikiwa ndani.

"Mitumba," nikasema.

Nikaona uso wa Sunniva unabadilika. Alikuwa dirishani jana. Alikuwa anahesabu. Niliona anairudisha picha nzima kichwani: mifuko chini, trela, mimi na mkono wangu hewani.

"Uliwaambia wachukue," akasema polepole. "Chukueni tu hiyo iliyo chini. Oddleiv, nilikusikia."

Nililia mbele ya watu wa nyumba ya kona bila kuona haya.

"Mitumba inafunguliwa saa ngapi?" akauliza Asmund. Alikuwa hacheki tena.

"Saa tatu."

Akatazama saa yake. Ilikuwa imeshafunguliwa dakika hamsini zilizopita. Mkewe, Gerd, ndiye anayesimamia meza ya nguo pale shuleni. Akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Gerd, kuna bunadi imekuja hapo? Mfuko wa bluu?"

"Bunadi! Ee, ipo. Yaani ilikuwepo. Tuliikuta tulipofungua mifuko, tukabaki midomo wazi, nani anatupa bunadi?" Nyuma yake kulikuwa na tarumbeta za bendi. "Nikasema labda ya marehemu fulani, watu hawataki kuiona nyumbani. Kwani vipi?"

"Iko wapi?"

"Imenunuliwa mlango ulipofunguliwa tu. Laila, yule anayesafisha kwenye nyumba ya wazee. Mimi nimelia, nakwambia. Binti yake anapata kipaimara leo na hakuwa na cha kuvaa. Aliishika ile nguo hakuamini, akauliza mara tatu kama kweli inauzwa. Nikamwambia chukua mama, Mungu amekuona. Akaondoka mbio kwenda kumvalisha."

Asmund akakata simu bila kuaga.

"Tiril," akasema Sunniva.

Nilimjua Tiril. Alikaa na Sunniva benchi moja mwaka mzima wa mafundisho ya kipaimara. Msichana mkimya, mwenye koti lililokuwa limemfupia mikononi.

"Aliniambia hatapiga picha," Sunniva akaendelea, kama anayejisemea. "Alisema akishavaa kanzu nyeupe ya kanisa hataivua mpaka wote tuondoke. Ili watu wasione ndani kuna nini."

Nami nikaona upenyo. Aibu haina dawa, msomaji, mimi ni ushahidi.

"Basi si mnavaa kanzu nyeupe wote?" nikasema. "Zinafunika kila kitu! Sunniva unaweza kuvaa hata..."

"Kanzu huvuliwa," akasema Bergljot. "Mtoto, vaa sketi yako ya shule na blauzi nyeupe. Nguo ya mama yako tutaikuta mlangoni. Laila ni mtu mwelewa. Nitamweleza kistaarabu kwamba yalitokea makosa kwa sababu ya mwanamume mmoja mpumbavu, na nitamrudishia alicholipa."

"Mbele ya watu, Bibi?"

"Pembeni."

"Pembeni hakupo mlangoni pa kanisa."

"Sunniva, ile nguo ni ya mwanangu!" Sauti ya Bergljot ilikatika, na nikakumbuka kwamba mimi nilifiwa na mke lakini yeye alizika mtoto. "Imebaki hiyo tu. Hiyo na wewe."

Sunniva akaingia ndani kubadilisha nguo.

Tulikwenda kwa kigari cha Asmund. Langu lilibaki uani mdomo wazi. Asmund alifungua buti yake ya mbele kwa mkono, akaweka keki, akafunga kwa kiganja, na hakusema lolote, jambo ambalo liliniuma kuliko angesema. Mimi nilikaa nyuma, magoti yakigusa kidevu. Kando yangu Sunniva alikuwa na sketi yake ya kijivu na blauzi. Alitazama dirishani njia nzima. Mbele, Bergljot ameupakata mkoba mweusi kwa mikono miwili.

Saa tano kasorobo tulikuwa mbele ya kanisa. Uwanja umejaa bunadi, nyekundu, kijani, nyeusi, fedha zinalialia vifuani mwa wasichana kila wanapocheka. Watu wakamtazama Sunniva na sketi yake ya shule, kisha wakatazama pembeni haraka, kwa adabu. Hapa kwetu watu wana adabu ya kukatisha tamaa. Mchungaji alinipungia mkono kutoka mlangoni. Nikaitikia nikijificha nyuma ya Asmund.

"Wale pale," akasema Bergljot.

Laila alikuwa anapanda kinjia cha kutoka barabarani, amevaa koti la kawaida, macho mekundu, anacheka peke yake. Mbele yake anatembea Tiril.

Ile bunadi ilimkaa kama aliyeishona alimpima yeye. Alitembea wima. Mwaka mzima nimekuwa nikimleta Sunniva kwenye mafundisho, na sikuwahi kujua kwamba Tiril ni mrefu. Wasichana wawili wakamkimbilia, wakamzunguka, wakashika sketi. Akacheka, akageuka ili waone nyuma. Begani kushoto nikaliona ua la bluu.

Kifuani hakukuwa na fedha. Laila alikuwa ameufunga ule ukosi kwa pini ya kushikizia nepi, na Tiril alikuwa anaifunika kwa mkono kila mtu alipomkaribia.

"Naenda," akasema Bergljot.

"Bibi, subiri."

"Kengele itapigwa sasa hivi."

"Nipe bizimu."

Bergljot akamtazama. "Ya nini?"

"Nipe tu, Bibi. Ni yangu, si ndiyo? Mama aliniachia."

"Ni yako. Lakini ya kuweka wapi?"

Sunniva akanyoosha mkono, ukakaa pale hewani, hautikisiki. Nikamwona Bergljot anapambana na mkoba wake, vidole vinakataa. Mwishowe akafungua, akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua. Ile fedha ikawaka kwa jua la mwezi wa tano. Sunniva akaichukua, akaifumba ndani ya ngumi.

Ndipo mimi, niliyekuwa sijaharibu kitu kwa muda wa saa nzima, nikaona ni zamu yangu.

"Sunniva, mwanangu, hebu ngoja kwanza, tulizungumze, labda mimi niende nimweleze Laila kwamba..."

"Nyamaza, baba."

Miaka kumi na moja nimelingoja neno lile. Limekuja limefungwa pamoja na nyamaza. Nikanyamaza.

Akaanza kuvuka uwanja na ile sketi ya kijivu, ngumi imefumbwa, na watu wakampisha bila kujua kwa nini. Bergljot alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Sikujua mtoto anakwenda kuchukua au anakwenda kutoa, na nilipomtazama bibi yake nikaona naye hajui.

Kengele ikapiga mara ya kwanza. Tiril akainua macho, akamwona Sunniva anakuja moja kwa moja kwake, akaona blauzi ya shule, akaona ngumi. Akaishika ile pini kifuani kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja.